Pikipiki ikivuta hewa pembeni: itengeneze bila kuunguza nyumba



Siku moja ya kupumzika, mwenzetu wa kikosi cha kutoboa mawe alifika kwenye dispanseri, mkono wake wa kuume umeungua mpaka kiwiko. Nyuma yake mama alimbeba mtoto wao wa miaka minne, naye ameungua mkono. Hawakupata ajali ya barabarani. Baba alikuwa nyumbani akitafuta tundu dogo kwenye pikipiki. Huku kwetu pikipiki tunaiita moto. Siku ile jina lilikuwa la kweli mara mbili.

Ugonjwa wenyewe wa pikipiki ni mdogo. Injini hupumua kama sisi. Hewa hupita kwenye filtri, karburateri huichanganya na esanse, kisha mchanganyiko huingia kwenye silinda. Kati ya karburateri na silinda kuna kipande chenye mpira, ambacho kwenye pikipiki nyingi za huku kimebanwa kwa buloni mbili. Barabara ya Bunia na Mongbwalu ikitikisa buloni mpaka zilegee, au mpira ukizeeka na kupasuka, hewa huingia pembeni bila kupita filtri. Ndipo unasikia injini inalia juu hata umeachia gazi, haitulii, inazima ovyo, inapata joto kuliko kawaida. Hewa imezidi, esanse imepungua. Ukiiacha hivyo muda mrefu, pistoni itaharibika. Tena hewa hiyo inabeba vumbi jekundu mpaka ndani. Ninyi mnaoshuka shimoni mnajua: ni kama kusimama mbele ya mashine ya kutoboa ukiwa na maski iliyopasuka.

Mwenzetu alifanya alivyoona wengine wakifanya. Aliwasha injini na kumwagia esanse kidogo kidogo kwa bomba la sindano kuzunguka kiungo kile. Sauti ikibadilika, tundu ni hapo. Ni kweli, tundu huonekana. Lakini mvua ilikuwa ikinyesha, kwa hiyo alifanyia kazi sebuleni. Mtoto alishika tochi, na mbabula ya chai ilikuwa mlangoni. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa: hautoki dirishani, hutambaa chini sakafuni mpaka ukute kaa. Wala usidhani baridi ya milima ya Djugu inasaidia. Esanse hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri.

Maji yanafanya kazi ile ile. Toa pikipiki nje, mbali na mbabula, watoto wakae kando, mwenye sigara aende zake. Washa injini, iache itulie, kisha dondoshea maji kidogo kwenye kiungo. Maji yakiziba tundu, au yakivutwa ndani, sauti ya injini hubadilika. Umelipata. Zima, ngoja injini ipoe kabisa (bomba la moshi limeshachoma miguu mingi ninayoifunga bendeji), funga robineti ya esanse, ukaze buloni kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo. Usitumie nguvu za shimoni. Ile ni aluminiamu. Mwenzetu alipopona alizikaza kwa funguo ya 10: nusu mzunguko, basi.

Kama bado inavuta hewa, mpira umekufa. Nunua mwingine. Usipake silikoni, kwa kuwa esanse huilainisha na vipande vyake huingia kwenye injini. Kabla ya kufungua karburateri, toa esanse iliyobaki ndani yake na kuiweka kwenye chombo chenye kifuniko. Hapa nasema kwa sauti: si kwenye chupa ya Fanta! Tumezoea chupa za kadhafi wa barabarani, lakini mtoto mwenye kiu anaijua chupa, haijui esanse.

Najua wengi hulaza pikipiki ndani kwa kuogopa wezi. Ilale, lakini usiiwashe humo, hata kwa kujaribu sauti tu. Moshi wake una gesi isiyo na harufu, inayoshika damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kichefuchefu, miguu inalegea, halafu mtu analala. Mtoeni nje mara moja, kisha mleteni kwetu.

Aliyeungua, mwagieni maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Msipake mafuta, wala dawa ya meno, wala yai. Vueni saa na pete kabla mkono haujavimba. Esanse ikiingia jichoni, osheni kwa maji dakika 15 au zaidi.

Aliyemeza esanse, hata aliyevuta kwa mpira mdomoni, msimtapishe. Mama wengi hukimbilia maziwa au mafuta ya mawese. Nawaomba muache. Akitapika, esanse huingia kwenye mapafu, na hapo ndipo inapoua. Akikohoa au kupumua mbiombio, msingoje asubuhi. Hata asipokohoa mleteni, kwa maana mapafu huweza kuchelewa saa kadhaa kuonyesha ubaya. Mkifika, tuambieni: ni esanse au mafuta ya taa, kiasi gani, na saa ngapi.