Maoni ya Taifa, Waandishi Walewale

Hapa Songea wengi husoma vichwa vya habari wamesimama mezani kwa muuzaji, kisha huondoka. Mimi hununua gazeti kwa ajili ya ukurasa wa maoni. Majina ni yaleyale: wanaume, wasomi, wakazi wa Dar es Salaam. Wanajua kuandika, sibishi. Mwandishi Jenerali Ulimwengu nilimsoma tangu enzi za gazeti la Rai. Ila mbolea ya ruzuku naelezwa na mtu ninayeshuku hajawahi kuipangia foleni. Ofisi za magazeti ziko Dar es Salaam, na mhariri humwita anayemfahamu. Wanahabari wanawake walioanzisha chama chao, TAMWA, mwaka 1987 walijitengenezea jarida lao, Sauti ya Siti. Wahariri, msimsubiri mkulima mwanamke wa hapa jirani Namtumbo aanzishe lake: mpeni safu ya kila wiki, na mmlipe.