Mifereji ya Mawe ya Engaruka

Ukisikia habari za dola za kale, bila shaka wawaza Misri na mapiramidi yake, au miji ya Sumer iliyokuwa kati ya mito ya Tigris na Euphrates, ambako watu walianza kuandika zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Ndivyo tulivyofundishwa chuo cha ualimu. Lakini wafalme na makuhani wa nchi hizo walitegemea jambo moja ambalo sisi wa Namanga twalijua sana, yaani kupeleka maji shambani katika nchi kavu. Nafaka ikizidi ya kula, ndipo hupatikana chakula cha kumlisha mwashi, askari, kuhani, na hata karani.

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi kama hiyo haiwezekani pasipo mfalme. Basi ushahidi u karibu nasi. Ukivuka mpaka ukafika Longido, kisha ukaelekea magharibi na kuupita mlima wa Kitumbeine, utakuta chini ya ukuta wa Bonde la Ufa mahali paitwapo Engaruka, nchini Tanzania. Mvua ya huko ni haba. Hata hivyo, tangu karne ya 15 hivi hadi karne ya 18, watu walilima hapo kiasi cha ekari 5,000 kwa maji ya mifereji.

Waliyakinga maji ya mito iteremkayo kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, wakayaongoza kwa mifereji yenye kingo za mawe. Mashamba waliyagawa vipande vidogo vilivyosawazishwa, kila kimoja kikazungushiwa mawe, ili maji yatulie yasichukue udongo. Mahali pengine walifanya la akili zaidi. Waliyaacha maji ya tope yaingie kati ya kuta, tope likatua, wakaongeza kimo cha kuta, likatua tena, hata pakawa na shamba lenye udongo mzuri. Nasi Bwana Shamba akituambia tupange mawe kuzuia mmomonyoko, twanung'unika!

Wachimbuzi walikuta mbegu za mtama zilizoungua, na mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Vijiji vilijengwa mtelemkoni penye mawe, juu ya mashamba, hivyo ardhi njema haikupotea. Louis Leakey alipafika mwaka 1935 akakadiria wakazi zaidi ya 30,000. Waliomfuata wameipunguza sana hesabu hiyo, maana nyumba zote hazikukaliwa wakati mmoja. Jumba la mfalme halikuonekana, wala hekalu kubwa.

Ukitaka kujua maji yaweza kugawanywaje pasipo mfalme, watazame Wabatemi, waitwao pia Wasonjo, wakaao magharibi ya Ziwa Natron. Nao ni watu wa mifereji. Robert Gray, katika kitabu chake cha mwaka 1963, alieleza jinsi wazee waitwao wenamiji walivyoshika mambo ya maji na ya ibada pia. Kila mtu alikuwa na zamu yake, na mwizi wa maji alitozwa faini. Huku kwetu, kila kiangazi mwenye shamba la juu na mwenye ng'ombe wa chini hugombana, mmoja akidai mfereji umefungwa usiku. Kesi hiyo mzee wa Kibatemi angeifahamu mara moja.

Mito kadhaa iliyolisha mashamba ya Engaruka leo hukauka sehemu kubwa ya mwaka, na mto wa Engaruka ndio unaotiririka daima. Mashamba ya mbali hayafikiwi tena na tone. Watu wa kale waliondoka, na Wamaasai wakalisha mifugo katikati ya mawe yale. Siku hizi, pale Engaruka Juu, watu hulima tena mahindi na maharage kwa maji ya mto ule ule, mifereji yao ikipita kando ya mawe ya kale.