Besi Hupimwa Kwenye Kochi

Mwezi wa Juni baridi ya Ufipa hufungisha watu madirisha mapema. Sebule ya Sumbawanga iliyojengwa kwa matofali ya kuchoma, ikishafungwa hivyo, haiachii besi ipite kirahisi kama nyumba ya Dar es Salaam inayolala madirisha wazi. Sabufa iliyosikika vizuri dukani, hapa hunguruma mpaka sauti ya anayetafsiri filamu inazama. Mwenye nyumba huilaumu sabufa. Mimi huanza kukitazama chumba.

Hewa ikiwa na nyuzijoto 15, sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. (Kinachoipunguzia mwendo ni baridi, mwinuko wetu wa mita 1,800 hivi hauhusiki.) Chukua chumba cha urefu wa mita 3.5, zidisha kwa mbili, kisha gawa 340 kwa jibu hilo: unapata karibu Hz 49. Sauti ya kiwango hicho hugonga ukuta, ikarudi na kukutana na inayokuja. Kwenye kuta mbili zinazotazamana hujazana, katikati hufifia. Nasi makochi yetu tumeyaegemeza ukutani! Baba anatikiswa kifua, na mtoto aliyejilaza mkekani katikati anauliza besi iko wapi.

Kwa hiyo kuinama karibu na sabufa na kuzungusha kitufe hakusaidii. Kaa unapokaa siku zote, simu ikiwa usawa wa sikio, na programu ya kupima desibeli. Programu hiyo ikikupa herufi A na C, chagua C. Kipimo cha A hukata desibeli 30 hivi kwenye Hz 50. Utaongeza besi mpaka bati lilie, nacho kinakuambia bado.

Kwenye flashi weka ule mvumo wa majaribio unaofanana na mvua juu ya bati, pamoja na toni za Hz 30 hadi 80. Shusha besi mpaka mwisho, cheza mvumo kwa spika ndogo, uongeze sauti hadi desibeli 75. Kisha chomoa waya za spika ndogo, upandishe besi peke yake ifike hapohapo. Maikrofoni ya simu husikia sauti nene kwa shida, basi namba hizo zikupe mwelekeo tu.

Sasa cheza toni mojamoja. Hz 40 ikisoma 72 na Hz 50 ikaruka hadi 84, usikimbilie kitufe, kwani kitashusha zote mbili. Itoe sabufa kwenye kona, isogeze hatua moja kufuata ukuta, upime tena. Kazi hii inachosha, lakini hapa ndipo faida yote ilipo. Glasi zikilia kabatini, tuliza kabati kwanza.

Limebaki sikio lenyewe. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikishushwa, besi hutupotea upesi kuliko sauti za kati. Ulichosawazisha kwenye 75 kitasikika chembamba saa tano usiku watoto wamelala. Chukua rangi ya kucha, uchore alama mbili kwenye kitufe cha besi: moja ya filamu ya jioni, nyingine, juu yake kidogo, ya usiku wa manane.