Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki

Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki (kwa Kijerumani: Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, kifupi: DOAG) ilikuwa kampuni ya binafsi iliyoanzishwa nchini Ujerumani mwaka 1885 na Carl Peters pamoja na wenzake. Mwaka 1888 ilichukua utawala wa pwani yote kati ya mto Umba na mto Ruvuma, lakini utawala huo ulivunjika katika miji ya Pangani na Tanga baada ya wiki chache tu. Historia yake ni mfano wa kampuni iliyokua haraka kuliko watumishi wake, fedha zake na uhusiano wake na wenyeji.

Kuanzishwa

Peters alifika Zanzibar mwezi Novemba 1884 akiwa na umri wa miaka 28. Pamoja na Karl Jühlke na Joachim von Pfeil aliingia bara, na kwa muda mfupi walikusanya mikataba kutoka kwa watawala wa Usagara, Uzigua, Nguu na Ukami. Mikataba hiyo iliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo watawala hao hawakuijua. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm I aliipa kampuni hati ya ulinzi.

Matatizo ya ukuaji

Peters alikuwa hodari wa kutafuta maeneo mapya kuliko kuyaendesha. Vituo vilifunguliwa bara bila biashara ya kuvigharimia. Mwaka 1887 kampuni iliundwa upya kwa fedha za wenye mabenki, akiwemo Karl von der Heydt, na mapema mwaka 1888 Peters aliitwa arudi Ujerumani. Nafasi yake ilichukuliwa na Ernst Vohsen.

Mabadiliko ya uongozi hayakuondoa tatizo la mapato. Bidhaa za misafara, hasa pembe za ndovu, zilitoka kupitia bandari za pwani, na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yalikuwa yameutambua ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar. Hivyo kampuni ilikuwa na ardhi bara, lakini ushuru wa forodha haukuwa wake.

Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said alikubali kuikodisha kampuni utawala wa pwani kwa miaka 50. Kampuni ingekusanya ushuru kwa jina la Sultani.

Pangani, 1888

Mwezi Agosti 1888 kampuni iliweka Wajerumani wachache katika kila mji mkubwa wa pwani. Pangani ilikabidhiwa kwa Emil von Zelewski, aliyejulikana baadaye kwa jina la Nyundo. Alidai bendera ya kampuni ipandishwe kando ya ile ya Sultani, na liwali awe chini yake. Liwali alikataa bila amri kutoka Zanzibar. Wanamaji wa manowari ya Kijerumani waliteremshwa mjini, wakaingia hata msikitini wakimtafuta.

Mwanzoni mwa Septemba wenyeji walimzuia Zelewski katika nyumba yake. Aliokolewa na Lloyd Mathews, mkuu wa jeshi la Sultani, akarudishwa Zanzibar. Watumishi wa Tanga nao waliondoka, na Kilwa watumishi wawili waliuawa. Abushiri bin Salim aliongoza upinzani kutoka Pangani, na Bwana Heri kutoka Saadani. Kampuni ilibaki na Bagamoyo na Dar es Salaam pekee.

Sababu za kushindwa

Kwanza, watumishi walikuwa wachache, na wengi walikuwa vijana wasio na uzoefu wa utawala. Pili, kampuni haikuwa na askari wa kutosha wala fedha za kusubiri. Ilihitaji ushuru tangu siku ya kwanza. Tatu, ilidhani kwamba saini ya Sultani ingetosha, kumbe madaraka ya kila siku yalikuwa mikononi mwa majumbe, maliwali, wenye mashamba na wafanyabiashara, ambao hawakushirikishwa. Kwa watu hao, vita havikuwa kosa la uendeshaji tu: walikuwa wanatetea ardhi, biashara na heshima ya miji yao.

Gharama ililipwa na wengine. Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann Wissmann na askari wa kukodiwa, na Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Baada ya utawala

Tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani ilishika utawala rasmi. Kampuni iliendelea na biashara na mashamba. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ni 62 tu iliyofika ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo ulianza ukulima wa mkonge, ambao baadaye ulikuwa zao kuu la Tanga.