Dhana ya Mashine Pepe na Uaminifu wa Majaribio ya Mifumo ya Kompyuta

Kwa mkulima wa mpunga, pepe ni punje isiyo na kiini: ganda lipo, mchele haumo. Kwa hiyo istilahi "mashine pepe" humwelekeza msomaji kudhani kuwa kinachozungumziwa ni ganda tupu, mwigo wa kompyuta unaojikokota. Maana hiyo haiafiki dhana yenyewe.

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi, ikiwa na kumbukumbu, diski na mfumo wake wa uendeshaji. Gerald Popek na Robert Goldberg, katika makala yao ya mwaka 1974, waliweka masharti matatu: programu zitende kama zinavyotenda katika mashine halisi, sehemu kubwa ya amri itekelezwe moja kwa moja na prosesa, na programu simamizi iwe na mamlaka kamili juu ya rasilimali. Sharti la pili ndilo linaloitenga mashine pepe na mwigo, ambamo kila amri hufasiriwa na programu. Kiini, basi, kimo.

Kwa mtafiti, faida yake ni dhahiri. Aweza kuuvuruga mfumo hadi ukaanguka, kisha akairejesha hali aliyoihifadhi kabla ya jaribio, na kompyuta ya idara isidhurike.

Suala la kasi ni gumu zaidi. Kazi ya hesabu tupu hukaribia kasi ya mashine halisi. Gharama hujitokeza pale ambapo programu simamizi hulazimika kuingilia kati, hasa katika diski, mtandao na majedwali ya kumbukumbu. Mwaka 2005 Intel iliingiza msaada wa mashine pepe ndani ya prosesa zake. Hata hivyo, mwaka 2006 Keith Adams na Ole Agesen (waajiriwa wa VMware, jambo ambalo msomaji asilipuuze) walionyesha kuwa mbinu ya VMware ya kutafsiri amri kwa programu mara nyingi iliushinda msaada huo wa awali. Prosesa zilizofuata, zenye majedwali ya kumbukumbu ya ngazi mbili, zilipunguza sana gharama hiyo.

Kwa hiyo jaribio linalouliza iwapo mfumo unatenda ipasavyo laweza kuaminiwa katika mashine pepe kuliko lile linalopima muda. Programu simamizi ikiipa zamu mashine nyingine, ile inayopimwa husimama bila kujua, na saa yake yaweza kuachwa nyuma.