Lori Lililosimama Ndilo Linaloila Lami

Tunduma ni mji unaoishi kwa malori. Barabara kuu ya TANZAM, inayounganisha Dar es Salaam na Zambia, inavuka mpaka hapa, na mzigo wa Ndola au Lubumbashi unaofuata njia hiyo hauna budi kupita katika mji huu, kama ilivyo kwa shaba inayoteremka kwenda bandarini. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019, kilifupisha safari ya nyaraka, lakini hakikuimaliza foleni. Ziko nyakati ambapo malori hupangana kurudi nyuma hadi Mpemba na kupita. Ndiyo maana yadi za maegesho ni biashara kubwa hapa. Anayeanza kwa udongo na changarawe huchoshwa na vumbi la kiangazi na tope la masika, kisha huwaza lami. Hapo ndipo kosa la gharama kubwa hujificha. Wengi huamini kwamba lami ya maegesho inaweza kuwa nyembamba kuliko ya barabara, kwa kuwa magari hayakimbii juu yake. Ukweli ni kinyume chake: lami huumizwa zaidi na lori lililotulia kuliko lori linalopita, na mwenye yadi asiyeanzia kwenye ukweli huo atakarabati kila mwaka bila kupona.

Sababu iko katika maumbile ya lami yenyewe. Lami ni masalio mazito ya mafuta ghafi baada ya petroli, mafuta ya taa na dizeli kutolewa. Kwa macho ni kitu kigumu, lakini hutiririka, polepole mno. Katika Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia kuna jaribio maarufu la kitu cheusi cha aina hiyo, kigumu kiasi kwamba ukikigonga kwa nyundo kinavunjika vipande. Kilimiminwa katika faneli mwaka 1927 na mdomo wa faneli ukafunguliwa mwaka 1930. Kufikia mwaka 2014 yalikuwa yamedondoka matone 9 tu. Somo lake kwa yadi ya Tunduma ni hili: lami huupokea mzigo kulingana na muda mzigo unaokaa juu yake. Tairi linalopita kwa kasi hugusa sehemu moja kwa chembe ya sekunde, na lami hujibu kama kitu kigumu, ikabonyea kidogo na kurudi. Tairi hilohilo likisimama hapo siku mbili, lami ina muda wa kutosha wa kusogea pembeni, na ilikosogea hairudi. Matokeo ni yale mabonde mawili sambamba yanayoonekana kila mahali malori yanapolala.

Ongeza sasa uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, inaruhusu lori lenye mzigo wake kufikia tani 56, na ekseli moja yenye matairi manne kubeba tani 10. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Maana yake, ekseli ya tani 10 huumiza njia kiasi cha mara 10,000 kuliko ekseli ya tani 1, na ekseli iliyozidishiwa mzigo kwa asilimia 20 huumiza mara mbili zaidi ya ile halali. Hesabu hiyo ilipatikana kwa magari yanayotembea. Madhara ya kusimama yanakuja juu yake. Kwa hiyo yadi iliyojengwa kwa kipimo cha maegesho ya magari madogo mbele ya duka haitapona kwa kupakwa rangi nyeusi.

Mtu anaweza kusema kwamba lami hulegea jangwani, si hapa. Ni kweli kwamba Tunduma si Muscat wala Dubai, ambako joto la hewa kiangazi hupita nyuzi 40 na wajenzi hulazimika kuchagua lami ngumu zaidi. Mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni ya wastani. Lakini lami haipimi hewa, inapimwa na jua. Uso mweusi ulio wazi mchana wa Oktoba, kabla mawingu hayajajikusanya, huwa na joto la juu sana kuliko hewa inayoupitia, na lami nyingi za barabara huanza kulegea kwenye nyuzi 50 hivi. Zaidi ya hapo, nyanda hizi za juu zina tabia mbili zinazofanana na za jangwa: mionzi mikali ya jua, na mchana wa joto unaofuatwa na usiku wa baridi, hasa Juni na Julai. Mionzi na hewa hukausha lami mwaka hadi mwaka, ikapoteza weusi wake na kuwa ya kijivu. Kila usiku hujikunja na kila mchana hutanuka, mpaka inapasuka. Jangwani ufa huo unaweza kukaa muda mrefu bila maji kuugusa. Hapa mkoani Songwe kuna mvua kuanzia Novemba hadi Aprili. Maji huingia kwenye ufa, hulainisha udongo ulio chini, na lori la kwanza linalopita juu yake hufungua shimo. Kwa maana hiyo yadi ya Tunduma inabeba mateso ya jangwa kwa nusu mwaka, kisha inapigwa na ya nchi ya mvua kwa nusu iliyobaki.

Yapo pia madhara yanayotokana na mazoea ya yadini. Dizeli na oili ni ndugu wa lami kwa asili, kwa hiyo huiyeyusha. Mahali ambapo injini hufunguliwa na oili kumwagwa, kokoto huachana na kuanza kuchomoka. Trela likiachwa bila kichwa chake, miguu yake ya chuma huzama kwenye lami, kwa kuwa uzito mwingi umekalia eneo dogo. Na dereva anayekata usukani lori likiwa limesimama husaga uso wa lami kwa matairi. Yote haya yana tiba nyepesi: fundi apewe sehemu yake yenye sakafu ya zege, miguu ya trela iwekewe mbao nene au bamba la chuma, madereva waombwe kugeuza usukani gari likitembea, na oili iliyomwagika ifunikwe mchanga au vumbi la mbao kisha ifagiliwe mapema. Kuiosha kwa petroli ni kuongeza kidonda.

Matengenezo yenyewe yana mpangilio, na wa kwanza ni maji. Uso wa yadi unapaswa kuwa na mteremko wa karibu sentimita 2 kwa kila mita, ukielekea kwenye mitaro iliyo safi. Dimbwi lililobaki saa kadhaa baada ya mvua ni taarifa kwamba kuna bonde au mtaro ulioziba. Pili ni nyufa, ambazo zisafishwe na kujazwa lami kati ya Agosti na Oktoba, zikiwa kavu. Tatu ni mashimo. Kiraka cha kumwaga kokoto na lami juu ya tope hakidumu. Shimo hukatwa kwa pembe zilizonyooka hadi kwenye tabaka gumu, hukaushwa, hupakwa lami pembeni na chini, hujazwa kwa matabaka na kushindiliwa kabla lami ya moto haijapoa, jambo linalohitaji haraka zaidi kwenye upepo wa Tunduma. Kupaka tabaka jembamba la juu ili kuzuia jua ni hatua ya mwisho, na lina faida pale tu ambapo chini ni pazima.

Hapo ndipo hoja yangu inapofikia mwisho wake wa kawaida: mahali malori yanapolala, lami si chaguo sahihi. Ibaki kwenye njia za kupita na kwenye maegesho ya magari madogo. Vituo vya kulala viwekwe zege au vitofali vinene vya pevingi, ambavyo havilegei kwa joto, havitiririki chini ya mzigo uliotulia, na haviyeyushwi na dizeli. Jibu la haraka ni kwamba zege ni ghali. Ni ghali siku ya kwanza, ndiyo. Lakini bei ya kweli ya sakafu ni ya kujenga pamoja na ya kukarabati, pamoja na siku ambazo sehemu ya yadi imefungwa wakati wateja wako nje wakingoja. Pia si lazima yadi nzima ibadilishwe. Mistari ambayo matairi hukalia ndiyo inayobeba adhabu. Kwa mwenye mtaji mdogo, changarawe iliyoshindiliwa vizuri na yenye mitaro ni bora kuliko lami nyembamba, kwa sababu inachongwa upya kwa greda bila kuvunjwa.

Wengine watasema foleni itakwisha siku moja, kwa nini kuwekeza? Foleni ikipungua, lori bado litahitaji mahali salama pa kulala, kubadilisha tairi na kusubiri karatasi. Ushindani ndipo utakapoanza, na dereva atachagua yadi ambayo haimzamishi tairi. Ushauri wangu kwa wamiliki, na kwa halmashauri inapoidhinisha yadi mpya, ni mmoja: kabla ya kuuliza bei ya lami, uliza lori litasimama wapi na kwa muda gani, kisha ujenge kwa ajili ya hilo. Na kila ada ya usiku inayolipwa, sehemu yake iwekwe kando hadi Agosti, ili nyufa zizibwe kabla mvua za Novemba hazijafika.