Milwaukee walifunga mlango wa ndani, Toronto wakapita nje

Mei 2019, Milwaukee Bucks walikuwa na kila sababu ya kulala usingizi mnono. Walikuwa wameshinda mechi 60 kati ya 82 za msimu wa NBA, ulinzi wao ulikuwa bora kuliko wa timu zote, na katika fainali ya Kanda ya Mashariki walikuwa mbele ya Toronto Raptors kwa mechi mbili bila. Kisha wakafungwa nne mfululizo. Toronto, iliyokuwa chini ya rais wake Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya, ikaenda kutwaa ubingwa.

Mpango wa kocha wa Milwaukee, Mike Budenholzer, ulikuwa rahisi kueleweka: linda chini ya kikapu kwanza. Senta wake, Brook Lopez, hakutoka nje kukimbizana na watu. Mpinzani mwenye mpira alipowekewa kizuizi na mwenzake, Lopez alirudi nyuma akasubiri karibu na kikapu. Aliyetaka kupita pale alikutana na mtu wa zaidi ya mita mbili. Gharama yake ilijulikana: wapinzani walipata nafasi nyingi za kutupa pointi tatu.

Hesabu yake mfanyabiashara ataielewa haraka. Tuseme timu inatupa mara 100. Karibu na kikapu inaingiza 60, sawa na pointi 120. Umbali wa kati inaingiza 40, pointi 80. Nje ya mstari inaingiza 35 tu, lakini ni pointi 105. Mlinzi akiachia nje badala ya ndani, ameokoa pointi 15. Lakini wa nje wakianza kuingiza 41, wanapata 123, na mlango ulioachwa wazi unakuwa ghali kuliko uliofungwa.

Ndivyo ilivyotokea. Fred VanVleet, ambaye mwanzoni mwa mfululizo huo alikuwa hapati kitu, aliingiza mitupo 14 ya pointi tatu kati ya 17 katika mechi tatu za mwisho. Saba aliingiza katika mechi ya tano pekee, Toronto wakishinda 105-99 ugenini.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba Toronto nao waliziba ndani. Kuanzia mechi ya tatu Kawhi Leonard alipewa kazi ya kumkaba Giannis Antetokounmpo, na wenzake wakasogea nyuma yake kama ukuta. Wao pia waliacha watu huru nje. Tofauti ni kwamba walichagua nani wa kumwacha, na wakaendelea kuchagua upya kila mechi. Milwaukee waliacha eneo, na aliyesimama hapo akatupa.

Katika ukanda wetu mizani ni tofauti kidogo. Ligi ya Afrika, BAL, iliyoanzia Kigali mwaka 2021, inafuata kanuni za FIBA. NBA humkataza mlinzi asiyemkaba mtu kukaa chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu. FIBA haina katazo hilo, kwa hiyo senta anaweza kujikalia pale apendavyo. Kishawishi cha kuziba ndani ni kikubwa zaidi. Lakini mstari wa FIBA uko mita 6.75 kutoka kikapu, wa NBA mita 7.24, hivyo mtupo wa nje nao ni wa karibu zaidi. Kocha wa APR ya Rwanda au Nairobi City Thunder ya Kenya anayemwegemea senta mmoja mrefu anapaswa kujua ni mpinzani yupi anayeweza kumwadhibu kutoka kona.

Milwaukee walitwaa ubingwa 2021, kocha akiwa yuleyule na Lopez yuleyule. Safari hii walinzi walibadilishana watu mara nyingi zaidi, na P.J. Tucker aliletwa katikati ya msimu kwa kazi hiyo hasa.